Anayekaa Kinywani

Haya wajukuu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za kiumbe ambaye huenda yumo vinywani mwenu sasa hivi. Anaitwa Candida albicans. Ni fangasi wa jamii ya hamira, ile inayoumua maandazi, mdogo hata jicho halimwoni. Watu wengi wenye afya wanaye, wala hawana habari naye. Bakteria wa kinywani wanambana, mate yanamwosha, na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hazimruhusu kupenya ndani.

Sasa mfikirieni mtoto mwenye saratani ya damu. Madaktari wanataka kumpandikizia seli shina, zile zinazozaa damu, kutoka kwa dada yake. E. Donnall Thomas wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1990 kwa kuifungua njia hiyo. Lakini kwanza uboho wenye ugonjwa huuawa kwa dawa kali, pengine na mionzi, na kwa majuma kadhaa mtoto yule anabaki karibu bila askari hata mmoja. Mdomo wake unachubuka. Mate yanapungua. Antibiotiki anazopewa zimlinde zinaua na wale bakteria waliokuwa wakimbana fangasi. Basi Candida anaota nyuzi ndefu, anajipenyeza kwenye vidonda. Utando mweupe unatanda ulimini, na hata kumeza maji ni maumivu. Akifika kwenye damu anaweza kuua.

Waliomtafutia dawa ni wanawake wawili, nami nawapenda sana. Elizabeth Hazen alikuwa jijini New York, Rachel Brown alikuwa Albany, wakitumiana sampuli kwa posta. Hazen alichunguza udongo wa huku na huku, mpaka ule wa shamba la marafiki zake huko Virginia ukampa kijidudu kinachotoa sumu ya fangasi. Mwaka 1950 wakaitangaza dawa yao, nistatini.

Nistatini husukutuliwa mdomoni, haiingii kwenye damu. Kwa hiyo wagonjwa wa upandikizaji hupewa pia dawa kama flukonazoli, hata kabla hawajaugua. Ila Candida ana ndugu zake, na mmoja wao, krusei, flukonazoli haimwezi. Ndiyo sababu hospitali nyingine hupitisha kijiti chenye pamba kinywani mwa mgonjwa na kuotesha maabara kilichonaswa, ili daktari ajue ni ndugu yupi anayekaa humo.