Sahihi Iliyoipokonya Stax Nyimbo Zake

Kampuni ndogo inapouzwa, aghalabu watu huuliza bei. Ni wachache waulizao swali kubwa zaidi: baada ya mauzo, ni nani atakayekuwa na amri juu ya kazi za mafundi walioijenga? Historia ya kampuni ya muziki ya Stax, katika mji wa Memphis huko Marekani, yatupa jibu lenye uchungu.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1957 na Jim Stewart, karani wa benki aliyekuwa pia mpiga fidla. Dada yake, Estelle Axton, aliweka nyumba yake rehani ili ipatikane mashine ya kurekodia. Mwaka 1960 wakahamia katika jumba la zamani la sinema. Mlangoni Bibi Axton alifungua duka la santuri, akawa akiangalia vijana wa mtaa wanapenda nini.

Wakati huo ubaguzi wa rangi ulikuwa ungali na nguvu Memphis. Hata hivyo, ndani ya jumba lile weusi na weupe walipiga muziki pamoja, na nyimbo nyingi zilizaliwa papo hapo, wapigaji wakisikilizana. Otis Redding alifika pale mwaka 1962 akiwa dereva wa mwanamuziki mwingine. Akapewa nafasi ya kuimba, naye akawa nguzo ya kampuni.

Lakini kutunga ni kazi moja, na kusambaza ni kazi nyingine. Santuri za Stax zilisambazwa na Atlantic, kampuni kubwa zaidi ya New York. Mwanzoni pande mbili ziliaminiana kwa neno tu. Mwaka 1965 ukaandikwa mkataba, naye Stewart akautia sahihi pasipo kuusoma kwa makini. Humo mlikuwa na kifungu kilichoipa Atlantic umiliki wa kanda za asili, yaani zile ambazo santuri zote hunakiliwa kutoka kwazo.

Mwaka 1967 Atlantic yenyewe ikauzwa kwa kampuni ya Warner Bros.-Seven Arts. Stewart alipotaka kujitenga, ndipo alipotambua kwamba nyimbo alizodhani ni zake zilikuwa mali ya wengine. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo Redding alifariki katika ajali ya ndege. Waimbaji Sam na Dave nao wakarudi Atlantic, kwani Stax iliazimwa tu. Kampuni ikabaki na jina na jumba, ghala likiwa tupu.

Mwaka 1968 Stax ikauzwa kwa Gulf and Western, shirika kubwa lenye biashara za kila namna. Ili kulijaza ghala, kiongozi wake Al Bell aliagiza albamu 27 zitolewe kwa mkupuo mmoja mwaka 1969. Baadhi ya mafundi wa zamani hawakupendezwa na mwenendo huo mpya. Mpiga kinanda Booker T. Jones akaondoka. Hata hivyo, albamu iliyong'ara kuliko zote ilikuwa ya Isaac Hayes, aliyeachiwa uhuru kamili. Ilikuwa na nyimbo 4 tu, mmoja wao ukizidi dakika 18. Mfanyabiashara mwenye kuhesabu dakika za redio asingeikubali, wanunuzi waliigombea.

Mwaka 1970 Stewart na Bell waliinunua kampuni yao tena. Lakini madeni na mkataba mwingine wa usambazaji, uliofungwa na CBS mwaka 1972, viliielemea, na mwishoni mwa 1975 ikafilisika. Nyimbo zake zingali zikipigwa duniani kote.

Ndugu askari, katika bendi za majeshi na polisi wamo watunzi hodari, na wengi wetu tutafungua karakana au biashara baada ya utumishi. Hakuna askari apokeaye bunduki ghalani na kutia sahihi kabla ya kuhakiki namba yake. Basi mtunzi naye na ahakiki kila kifungu: nani atamiliki kazi, nani ataamua itolewe vipi, na itakuwaje mnunuzi naye akinunuliwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Stax ilikuwa na daftari, mwenyewe hakulisoma.