Maelezo ya Kuombea Kazi

Mtoto wako yuko kidato cha nne. Anataka kibarua dukani, likizo ya Juni. Mwenye duka ameomba maelezo yake kwa maandishi. Mtoto anasema, "Sina la kuandika. Sijaajiriwa kamwe."

Lakini nani alipima mahindi yenu na kuhesabu magunia? Nani alitunza daftari la duka la shule? Hiyo ni kazi. Aiandike, pamoja na mwaka wake.

Juu aweke jina kamili, anwani na namba ya simu. Kisha shule na kidato. Asiandike kwamba ana cheti. Mtihani ni Novemba. Chini aweke wadhamini wawili, kama mwalimu na mwenyekiti wa kijiji. Awaombe ruhusa kwanza.

Karatasi moja yatosha. Akimaliza, isome wewe kwa sauti. Ukikwama mahali, hapo aandike upya.