Karibu Miaka 18 Mafichoni: Kukamatwa kwa John List

Novemba 9, 1971, mhasibu John List aliwaua kwa risasi mama yake, mkewe na watoto wake watatu nyumbani kwao Westfield, New Jersey, Marekani, kisha akatoweka. Ukatili huo ulipangwa kwa utulivu wa kutisha: alikwisha kuwaarifu walimu kwamba familia imesafiri, hivyo maiti zikakaa karibu mwezi mzima bila kugunduliwa. Akijiita Robert Clark, alihamia Denver, akarudia uhasibu, akaoa tena. Mei 1989 televisheni ilionyesha sanamu iliyofinyangwa na Frank Bender, aliyekisia sura ya List ya uzeeni. Jirani wa zamani akaitambua. List alikamatwa Juni 1 huko Virginia, alikokuwa amehamia. Alikana kuwa yeye ni List, lakini alama za vidole zilimuumbua. Mwaka 1990 alihukumiwa vifungo vitano vya maisha, akafariki mwaka 2008 akiwa mfungwa.