Afya: Visi ndani ya shingo, milimita chache kati ya kupona na kupooza

Mtu akivunjika mfupa wa shingo, kwa ajali ya pikipiki au kwa kuanguka toka juu ya mti, muganga mpasuaji anaweza kuamua kuunganisha mifupa miwili au zaidi ili isicheze tena. Huifunga kwa skrubu, zile ambazo wengi huita visi. Kazi ngumu ni kuchagua njia ya kuzipitisha.

Shingo ina mifupa 7. Katikati yake hupita kamba ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Pembeni, kila upande, hupanda mshipa wa damu unaolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Skrubu ikipotea milimita chache tu, inaweza kutoboa mshipa huo au kumpoozesha mgonjwa.

Zamani, mifupa miwili ya juu ilifungwa kwa waya. Baadaye Friedrich Magerl, nchini Uswisi, alipitisha skrubu moja ndefu kila upande, kutoka mfupa wa pili hadi wa kwanza. Inashika sana. Lakini kwa karibu mtu 1 kati ya 5, mshipa wa damu unapita karibu mno na njia hiyo.

Mwaka 1994, Atul Goel na Laheri wa Mumbai, India, walitangaza njia nyingine: skrubu fupi ndani ya kila mfupa, zikiunganishwa kwa bamba la chuma. Mwaka 2001, Jürgen Harms na Melcher wa Ujerumani walitumia fimbo badala ya bamba.

Kwa mifupa ya chini, Raymond Roy-Camille wa Ufaransa alielekeza skrubu upande wa nje, mbali na kamba na mshipa.

Kwa kuwa miili haifanani, skaneri hutangulia kisu: ndiyo inayoonyesha mshipa unapita wapi.

Mgonjwa naye ajue mambo mawili. Chuma hushikilia tu; kinachounganisha ni mfupa unaopandikizwa, nao huchukua miezi kushikana. Tena, mifupa miwili ya juu ikiunganishwa, karibu nusu ya uwezo wa kugeuza kichwa hupotea.

Na kabla ya hospitali: aliyeumia shingo asivutwe wala kukalishwa. Kichwa kishikwe kikiwa kimenyooka na mwili, mpaka msaada ufike.