Gari Kuukuu Likitikisika: Sikiliza Kabla ya Kufungua Injini

Katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kenya, gari kuukuu hujulikana kwa sauti yake kabla halijaonekana. Watoto husikia mngurumo kutoka bondeni wakasema, "Hilo ni la fulani," wala hawakosei. Lakini mwenye gari mwenyewe, kwa kulizoea, aghalabu ndiye wa mwisho kutambua kwamba sauti imebadilika. Siku atambuapo huingiwa na hofu, akaenda mbio kwa fundi wa kwanza ampataye, na hapo ndipo hasara huanzia.

Na afikiriwe mkulima mmoja wa Limuru, mwenye pikapu ya Peugeot 404 ambayo huichukulia kabichi mpaka Nairobi. Asubuhi moja anasimamisha gari langoni, injini ikiwa inaunguruma, nalo linatetemeka hata kioo cha kutazamia nyuma hakionyeshi kitu. Chini ya boneti pasikika sauti ya tik-tik-tik. Fundi anakuja, anafunua boneti, anasikiliza kitambo kidogo, kisha anatikisa kichwa. "Mzee," asema, "injini hii imekwisha. Hapana budi ifunguliwe yote." Bei aitajayo ni sawasawa na karo ya watoto wawili kwa muhula mzima.

Mkulima huyu afanye nini? Je, auze ng'ombe? La. Kabla ya kutoa hata senti moja yampasa aulize swali moja: ugonjwa wenyewe uko wapi? Kutikisika ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili. Daktari hampasui mgonjwa kwa kuwa ana homa.

GARI LENYEWE

Peugeot 404 ilianza kuuzwa nchini Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limebuniwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya petroli iliyojulikana zaidi ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, nayo imelazwa ubavu kwa digrii 45. Watu wa Afrika Mashariki walilifahamu sana gari hili kwa sababu ya mashindano ya Safari, ambayo lilishinda katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyoweza kumaliza safari yalikuwa saba tu.

Lakini gari lililoshinda matope halikushinda miaka. Chuma hudumu, mpira hukauka, gaskiti husinyaa, na nati hulegea kwa mitikisiko ya barabara mbovu. Kwa hiyo katika gari la umri huu yafaa vitu vidogo vishukiwe kwanza, na vikubwa baadaye. Shauri hili lafaa pia kwa Land Rover, Morris, Ford au gari lo lote la zamani lenye kabureta.

KWA NINI HUTIKISIKA LIKIWA LIMESIMAMA

Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma polepole, shafti kubwa huzunguka kiasi cha mara 800 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 400 kwa dakika. Silinda nne zikipokezana vema, injini hutulia. Moja ikiacha kuwaka, injini hukosa msukumo mmoja katika kila minne, nayo huchechemea kama punda mwenye mguu mbovu. Mafundi husema kwamba gari "linamisi."

Gari likienda kasi, ubovu huo waweza kufichika, kwa sababu misukumo ni mingi na yafuatana karibu karibu. Ndiyo maana mkulima wa Limuru hakuona taabu kubwa njiani. Gari linalotikisika langoni na kutulia barabarani huwa linasema jambo: huenda hewa inaingia mahali isipotakiwa, au plagi moja ni dhaifu, au mipira inayobeba injini imeoza. Beringi kubwa zikiisha, desturi yake ni kinyume: kelele huzidi injini inapofanyishwa kazi.

KABLA YA KUANZA

Gari na litolewe nje. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika banda lililofungwa huua mtu kimya kimya. Breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, na jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu. Karani na avue tai yake, na mwenye koti pana alivue, maana feni haina huruma. Katika magari mengi ya 404 feni hujiunga yenyewe injini ipatapo joto. Feni iliyokuwa imetulia yaweza kuanza kuzunguka ghafula.

Kisha oili na ipimwe kwa kijiti chake. Kelele nyingi zimetokea kwa sababu oili ilikuwa chini ya alama, au ilikuwa nyepesi kama maji kwa uzee.

KUTAFUTA SILINDA ISIYOWAKA

Injini ikiwa imezimwa, waya wa plagi ya kwanza uchomolewe na ncha yake ya chuma ifungwe igusane na mwili wa injini, mbali na kabureta. Kisha injini iwashwe. Ikidhoofika zaidi kuliko awali, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, mwivi amepatikana. Injini izimwe, waya urudishwe, na silinda inayofuata ijaribiwe vivyo hivyo. Kila jaribio lisizidi dakika moja, kwa sababu petroli isiyoungua huosha oili kutoka kuta za silinda. Njia hii ni ya magari ya zamani. Yale yenye vyombo vya kisasa vya umeme yasijaribiwe hivyo.

Plagi ya silinda isiyowaka na ibadilishane mahali na plagi ya jirani yake. Ubovu ukihama pamoja na plagi, dawa ni plagi mpya. Ukibaki pale pale, waya uchunguzwe, na kifuniko cha distributa kitazamwe kama kina ufa. Ikiwa cheche ni njema lakini silinda bado haiwaki, ndipo fundi apime mgandamizo wa hewa ndani yake. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa zimelala pamoja, yafaa kushuku gaskiti ya kichwa cha injini iliyoungua kati yao.

Lakini kwanza ihakikishwe kwamba waya hazikubadilishwa mahali. Silinda za 404 huwaka kwa taratibu ya 1-3-4-2. Baadhi ya Ford Cortina ni 1-2-4-3. Watu wamefungua injini nzima kwa sababu ya waya mbili zilizopishana.

Rangi ya plagi nayo husema kweli. Plagi yenye afya ni ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, petroli inazidi hewa. Jambo hili huwapata hasa watu wapandao kutoka pwani. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha moja ya tano. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa itamwaga petroli nyingi mno Limuru, na injini itakohoa langoni ijapokuwa haina ugonjwa wo wote.

HEWA YA WIZI NA MIPIRA ILIYOOZA

Injini iungurumapo polepole huvuta hewa kidogo sana. Kwa hiyo hewa inayoingia katika ufa mdogo, chini ya kabureta au katika mpira unaokwenda kwenye breki, ni sehemu kubwa ya hewa yote, nayo huharibu mchanganyiko. Mwendo ukizidi, hewa ile ya wizi huwa kitu kidogo, na injini hutulia.

Ili kuutafuta ufa, matone machache ya oili na yatiwe kuzunguka kitako cha kabureta, injini ikiwa inaunguruma. Mngurumo ukibadilika kwa ghafula, oili imeziba tundu kwa muda, na tundu limejulikana. Mtu asitumie petroli kwa kazi hii, kwa maana cheche moja yatosha kuunguza gari na mwenyewe.

Baada ya hayo itazamwe mipira inayobeba injini, ambayo mafundi huiita mauntingi. Oili ikiidondokea miaka mingi, mpira huwa laini kama ugali, kisha hupasuka. Hapo chuma hulalia chuma, na kila mtetemo wa injini hupita moja kwa moja mpaka katika viti. Injini yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa.

LUGHA YA KELELE

Ili kujua kelele inatoka wapi hakuhitajiwi chombo cha fedha nyingi. Mpini wa jembe watosha: ncha moja iwekwe juu ya injini, mbali na feni na mkanda wake, na ncha ya pili isogezwe karibu na sikio. Sauti hupanda katika mti kama maji katika mfereji.

Tik-tik nyepesi iliyo juu, chini ya kifuniko cha valvu, mara nyingi ni ya tapeti zilizoachana. Valvu hufunguka mara moja tu katika mizunguko miwili ya shafti, kwa hiyo mlio wake huenda nusu ya mwendo wa injini. Dawa ni kurekebisha nafasi kwa kipimo, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja tu.

Sauti ya puf-puf inayozidi injini ikiwa baridi, pamoja na masizi kando ya kiungo, ni moshi unaotoka katika gaskiti ya bomba. Hilo lisipuuzwe, maana moshi huo waweza kuingia ndani ya gari.

Mlio wa kusaga au wa kulia mbele ya injini waweza kuwa wa pampu ya maji au dainamo. Injini izimwe, mkanda wa feni uondolewe, kisha iwashwe kwa nusu dakika tu. Kelele ikitoweka, injini haina hatia. Na kelele ibadilikayo mtu akanyagapo klachi ni ya klachi au sanduku la gia.

Iko sauti moja ya kuogopwa: pigo zito la chini, gong-gong, kama nyundo iliyofungwa katika blanketi, linalozidi injini inapoongezewa petroli. Waya wa plagi moja ukiondolewa kwa njia iliyotajwa na pigo likapungua, beringi ya silinda ile imekwisha. Ikiwa taa ya oili nayo yawaka, injini izimwe pale pale. Gari na livutwe kwa kamba, wala lisiendeshwe hata maili moja. Gharama ya kuvutwa ni ndogo, na shafti iliyokatika haishoneki. Katika jambo hili fundi asemaye "ifunguliwe" asema kweli.

MWISHO WA MAMBO YA LIMURU

Mkulima yule hakuuza ng'ombe. Alimwita fundi mzee wa kijijini, ambaye hakuleta chombo cho chote ila spana, bisibisi na kikebe cha oili. Silinda zote nne zilikuwa zikiwaka. Lakini oili ilipotiwa chini ya kabureta, injini ilitulia kwa muda kama mtoto aliyepewa titi. Nati mbili zilikuwa zimelegea na gaskiti imesinyaa. Mpira wa injini wa upande mmoja ulikuwa umepasuka. Ile tik-tik ilikuwa ya tapeti.

"Fundi, na yule mwenzako aliyesema injini imekwisha?" aliuliza mkulima.

"Mzee, huenda hakusema uongo," alijibu yule mzee. "Alisikia kelele akadhani amejua. Kusikia ni jambo moja, kujaribu ni jambo jingine."

Alasiri ile pikapu ilisimama langoni ikiunguruma, na kioo cha nyuma kikaonyesha barabara yote mpaka chini bondeni. Karo ikalipwa kwa wakati wake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili ni la kweli kwa mtu apuuzaye taa ya oili na pigo zito la chini. Lakini yuko na mtu wa pili, avunjaye ukuta mzima pale palipokuwa na ufa tu. Mwenye gari kuukuu na ajihadhari na makosa yote mawili: asiache kusikiliza, wala asifungue kabla hajajaribu.