Migahawa ya Kithai: Viungo si vigeni, mpango ndio mgeni

MKAZI wa Mbangala, wilayani Songwe, anayesafiri hadi Dar es Salaam au Nairobi na kualikwa katika mgahawa wa Kithai, huenda akadhani amekaribishwa kula asichokijua hata kidogo. Majina ya vyakula ni magumu kutamka, lakini vilivyomo chunguni si vigeni.

Ukwaju, mchaichai, karanga, papai bichi, tui la nazi, pilipili na mchele ndiyo msingi wa mapishi hayo. Ukwaju hauhitaji kutambulishwa Songwe, kwani makao makuu ya wilaya hiyo ni Mkwajuni, na jina lenyewe linautaja mti huo.

Katika Afrika Mashariki migahawa hiyo hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Jijini Nairobi, Thai Chi, iliyomo katika hoteli ya Sarova Stanley, imejulikana kwa miaka mingi. Dar es Salaam nayo ilipata jina kwa Thai Village ya Masaki.

Chakula kinachoagizwa sana na wageni ni pad thai. Hizi ni tambi bapa za mchele zinazokaangwa kwa mayai, kamba na machipukizi ya choroko, zikakolezwa kwa ukwaju na sukari, kisha zikanyunyiziwa karanga zilizopondwa. Zilienezwa na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyeingia madarakani mwaka 1938. Mwaka uliofuata nchi yake iliacha jina la Siam na kuitwa Thailand.

Tom yum ni supu kali yenye uchachu, inayopikwa kwa mchaichai, ndimu, pilipili na mzizi wa jamii ya tangawizi. Ile ya kamba iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2024.

Mchuzi wa kijani hupata rangi yake kutokana na pilipili mbichi zilizotwangwa pamoja na viungo, kisha huungwa kwa tui la nazi na majani ya mrehani. Som tam ni saladi ya papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi na kupondwa kinuni pamoja na pilipili, ndimu na karanga.

Namna ya kuagiza

Kwa desturi ya Kithai, kila mlaji hupewa wali wake, lakini vitoweo huwekwa katikati ya meza na kuliwa kwa pamoja. Watu wanne wanaweza kuagiza supu moja, mchuzi mmoja, kitoweo kimoja cha kukaanga na saladi, wakashiba bila kila mmoja kulipia sahani yake ya kitoweo.

Wali huliwa kwa kijiko, na uma husaidia kusukumia chakula kijikoni. Vijiti hutumika hasa kwa tambi, hivyo asiyevizoea hana sababu ya kuona haya.

Kiasi cha pilipili hutajwa kabla chakula hakijapikwa. Pilipili iliyokwisha kutwangwa ndani ya mchuzi haiondoki kwa kuongeza maji.

Jambo zito zaidi ni la afya na imani. Mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi na uduvi uliosagwa hutiwa hata katika vyakula vinavyoonekana kuwa vya mboga tupu. Asiyekula nyama au samaki, anayeepuka nguruwe, na hasa mwenye mzio wa karanga au kamba, hana budi kumuuliza mhudumu, kwa kuwa mzio mkali huweza kuua.

Kwa nini ilienea

Kuenea kwa migahawa hiyo duniani hakukutokana na ladha peke yake. Mwaka 2002 serikali ya Thailand ilizindua mpango wa kuongeza migahawa ya Kithai nje ya nchi, wakati ambapo ilikadiriwa kufikia 5,500, kwa lengo la kuifikisha 8,000. Nchi hiyo pia ilianzisha nembo ya Thai Select kwa migahawa inayotimiza viwango.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kila mgahawa ni mnunuzi wa mchele na viungo vya Thailand, na kila mlaji aliyeridhika huenda siku moja akawa mtalii. Mchele wa nchi hiyo wenye harufu nzuri, hom mali, huuzwa ng'ambo kwa jina lake.

Hapo ndipo somo linapowagusa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini. Kyela, katika mkoa jirani wa Mbeya, ina mchele unaonukia na unaosifiwa nchini kote, lakini yapo malalamiko ya muda mrefu kwamba jina hilo hubandikwa hata kwenye mchele uliolimwa kwingine au uliochanganywa. Thailand ilililinda jina la mchele wake na kulitafutia meza za kuliwa. Kyela ina harufu na sifa, ila ulinzi wa namna hiyo bado.