Farasi Safarini: Usalama Huanza Kabla ya Gurudumu Kuzunguka

Kwa karne nyingi farasi alimbeba binadamu pamoja na mizigo yake. Leo, mahali pengi duniani, farasi ndiye anayebebwa. Nchini Kenya, kwa mfano, farasi wa mashindano hupelekwa kwa gari hadi uwanja wa Ngong, jijini Nairobi. Chombo kitumikacho huwa ama lori, ama trela linalokokotwa na gari dogo. Safari hiyo huonekana kuwa nyepesi, kwa kuwa mnyama amesimama tu. Lakini kusimama huko ni kazi ngumu, na farasi aliyeondoka akiwa mzima aweza kufika akiwa na ugonjwa wa mapafu wenye kuua. Ili kuzielewa hatari hizi, yafaa kuanza na fizikia, kisha tuingie katika baiolojia.

Farasi na kanuni za Newton

Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo mpaka kani kutoka nje iubadili. Tuchukue farasi mwenye tungamo la kilogramu 500, akisafiri kwa kilometa 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Dereva akisimamisha gari kwa muda wa sekunde 10, farasi huhitaji kani ya wastani wa niutoni 750 ili asimame pamoja na trela. Akilisimamisha kwa sekunde 3, kani hiyo hufikia niutoni 2,500, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama mwenyewe. Kani hii hupita katika miguu yake, au katika kizuizi ambacho kifua chake hukigonga.

Farasi hana mkono wa kujishikia, wala haoni kona inayokuja. Njia yake ya kujihimili ni kutanua miguu na kukaza misuli. Kwa sababu hiyo sharti apewe nafasi ya kutanua miguu, na dereva apunguze mwendo mapema kabla ya kona.

Kichwa kilichoinuliwa

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Njia ya hewa ya farasi husafishwa na vijinywele vidogo mno ambavyo husukuma makohozi, vumbi na bakteria kutoka mapafuni. Farasi anapokula nyasi ardhini, kichwa chake huinama, na mvutano wa dunia huisaidia kazi hiyo. Akifungwa kichwa juu, makohozi hulazimika kupanda, na bakteria hubaki wakizaana.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwasimamisha farasi mahali pamoja, vichwa vyao vikiwa vimeinuliwa, bila kuwasafirisha popote. Katika muda wa saa 6 hadi 12, bakteria walikuwa wameongezeka katika njia zao za hewa. Ilidhihirika kwamba mkao wa kichwa peke yake, hata bila mtikisiko wa barabara, ni chanzo cha maradhi.

Kutokana na hayo, kamba isiwe fupi mno. Katika safari ndefu, gari lisimame kila baada ya saa 4 hivi, farasi apewe maji na aachwe ainamishe kichwa. Madirisha ya hewa yawe wazi, kwani vumbi la nyasi kavu na amonia itokayo katika mkojo huudhuru mfumo huohuo wa upumuaji.

Kuliandaa trela

Sakafu ya mbao huozeshwa na mkojo kutoka chini, hali uso wake ukionekana imara. Basi matandiko yaondolewe na kila ubao ukaguliwe pande zote mbili. Tairi, breki, taa, kiungo cha trela na mnyororo wake wa usalama vikaguliwe pia. Katika nchi ambazo magari hupita kushoto, farasi aliye peke yake katika trela la farasi wawili huwekwa upande wa kulia, kwa kuwa barabara nyingi huinama kuelekea kando.

Kumwandaa farasi

Macho ya farasi huchelewa kuzoea giza. Anapokataa kuingia katika trela, mara nyingi huwa anaona shimo jeusi mbele yake. Trela lielekezwe penye mwanga, milango ifunguliwe, naye azoezwe kuingia na kutoka siku kadhaa kabla ya safari, bila fimbo.

Utaratibu wa kumfunga nao una maana. Upau wa nyuma hufungwa kwanza, ndipo kamba ya kichwani ifungwe, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Wakati wa kushuka, kamba hufunguliwa kwanza. Farasi anayerudi nyuma huku amefungwa kichwa hupatwa na hofu kuu, na aweza kujiangusha.

Baada ya kufika

Safari haiishii langoni. Joto la kawaida la farasi mzima aliyepumzika ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Lipimwe kabla ya kuondoka, kisha asubuhi na jioni kwa siku chache baada ya kufika. Likizidi kiwango hicho, au farasi akikataa chakula, daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo, kwa maana ugonjwa wa mapafu ukigunduliwa mapema hutibika, na ukicheleweshwa huua.